Kijani cha Birika na Kijani cha Msitu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa kikubwa na kidogo, ateremshaye maji kutoka mbinguni kwa kadiri aipendayo, akaihuisha kwayo ardhi iliyokauka. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake, na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Safari moja ilitufikisha Kachibora, mji mdogo ulioko upande wa mashariki ya Kitale, chini ya Milima ya Cherangani, katika nchi ya mahindi na baridi. Waislamu wa huko si wengi, lakini walitupokea kwa mapokezi ambayo sisi watu wa pwani twajisifu kuwa ni dasturi yetu peke yetu. Baada ya sala ya Isha, watu walipokwisha kutawanyika, mzee mmoja alibaki ameketi karibu na mlango. Tulipomwendea alitushika mkono, akatuuliza kwa sauti ya chini: "Sheikh wangu, mtu aliyesali miaka thelathini kwa udhu usiofaa, atazilipa sala zake zote, au amekwisha kuangamia?"

Tukamwuliza sababu ya swali lake. Akatueleza kwamba maji ya msikiti wao huletwa kwa mpira kutoka kijito cha mlimani, na birika lao, kwa ubaridi na kivuli, halikosi utando wa kijani, na mara nyingine vipande vya majani ya kijani, laini kama sufi, huja pamoja na maji. Kijana mmoja aliyerudi kutoka masomoni alisimama akawaambia kwamba maji yale yamebadilika rangi na harufu, na maji yaliyobadilika hayatoharishi, basi udhu wao wote ni batili na sala zao zote ni batili. Tangu siku ile jamaa wamegawanyika. Wengine hawasali nyuma ya imamu wao. Na mzee yule, ambaye umri wake umekwisha kupita sabini, alikuwa ameanza kulipa sala za miaka thelathini kila usiku, hata miguu yake ikavimba.

Ndugu zetu wasomaji, jambo hili si dogo. Neno moja lililosemwa bila ya kupimwa lilivunja safu ya Waislamu na likamnyima mzee usingizi. Kwa hivyo tumeona ni wajibu wetu kulieleza wazi, kwani twajua kwamba hata katika miji yetu ya pwani wako wenye wasiwasi kama huu.

HUKUMU YA MAJI YENYE UKOGA

Mafakihi wetu wa madhehebu ya Imam Shafii hawakuliacha jambo hili bila ya kulitaja. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wa pwani yetu wamekisoma kwa vizazi vingi, ameeleza kwamba maji hayadhuriki kwa kubadilika kwa sababu ya kukaa mahali pamoja muda mrefu, wala kwa udongo, wala kwa tuhlub, wala kwa kitu kilichoko mahali yanapokaa au njiani yanamopita. Na tuhlub ni hicho kijani kiotacho majini, ambacho sisi twakiita ukoga. Sababu yake ni wazi: ni taabu kuyahifadhi maji na vitu hivyo, na sheria yetu haikuja kuwatia watu katika taabu wasiyoiweza.

Wameeleza tena wanavyuoni kwamba lau mtu atauchukua ukoga, akauponda, kisha akautupa majini kwa makusudi mpaka ukayabadilisha mabadiliko makubwa, hapo maji hayo hayatumiki tena kwa udhu. Tofauti iliyopo ni kati ya kile alichokileta Mwenyezi Mungu pamoja na maji na kile alichokiingiza mtu kwa mkono wake.

Na asili ya haya ni hadithi waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai, kwamba Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya kisima cha Budhaa huko Madina, kilichokuwa kikiingia takataka, akajibu kuwa maji ni tohara. Kisha wanavyuoni wakafafanua mipaka yake: maji yaliyofikia qullatein, nayo ni kadiri ya lita 200 hivi, hayanajisiki ila yakibadilika kwa najisi. Na ukoga si najisi. Basi lile birika la Kachibora, ambalo ni kubwa kuliko qullatein mara nyingi, lilikuwa na shaka gani?

Tulimwambia yule mzee: "Baba, sala zako ziko kwa Mola wako, wala huna deni kwa sababu ya maji haya. Lala usingizi." Naye alilia, na sisi hatukuweza kusema zaidi.

Lakini twaongeza neno moja. Maji kuwa tohara kwa udhu si sawa na kuwa salama kwa kunywa. Maji yaliyosimama huweza kubeba maradhi, na ukoga wa sakafuni huwatelezesha wazee. Kulisugua birika na kulibadilisha maji ni katika usafi ambao dini imeuamrisha. Msikiti ambao birika lake halisuguliwi mwaka mzima, kisha wenyewe wakajitetea kwa kitabu cha fikihi, hao wamekifahamu kitabu nusu.

Na kwa vijana wetu wenye kusoma twasema haya kwa mapenzi. Elimu yenu ni furaha yetu, na wanaowazuia vijana kusoma wamepotea. Walakini mwenye kusoma mlango mmoja asitoe fatwa ya milango kumi. Yule kijana alikuwa ameisoma kanuni kwamba maji yakibadilika kwa kitu kingine hayatoharishi, na kanuni hiyo ni sahihi, ila hakufika kwenye mstari unaofuata. Mstari mmoja usiosomwa ulitosha kuwafarikisha watu. Tulizungumza naye faraghani, tukamwonyesha mahali penyewe kitabuni. Alisoma, akanyamaza, kisha akasema, "Nilifanya haraka." Twamwombea heri, maana wengi wetu tumefanya haraka na hatukusema.

TULICHOKIONA MSITUNI

Sasa twakiri jambo juu ya nafsi zetu. Neno hili tuhlub tulilisoma tukiwa wadogo, tukalihifadhi, na baadaye tukalisomesha. Lakini tulipoulizwa na yule mzee, "Na haya majani laini yajayo na maji, nayo ni tuhlub?" hatukuwa na jawabu, kwa sababu hatukupata kuyatazama maisha yetu yote. Tulikuwa na jina, lakini kitu chenyewe hatukukijua. Basi asubuhi yake tulimwomba atupeleke kijito kinakotoka, na ingawa miguu yake ilimuuma alikubali, akatembea mbele yetu.

Tulipoingia msitu wa mlimani tulikuta ukungu umeshuka mpaka kwenye vigogo. Miti ilikuwa imevishwa kijani toka mizizi hata matawi. Mawe yamefunikwa kama yaliyotandikwa zulia. Tulipoweka kiganja juu ya jiwe moja tukakandamiza kidogo, maji yalichuruzika baina ya vidole vyetu kama tuliokamua nguo iliyofuliwa, na mvua haikuwa imenyesha siku ile. Yale yalikuwa maji ya ukungu. Chini yake, tone kwa tone, kijito kilikuwa kikianza.

Mmea huu wataalamu wa Kiswahili wameuita kuvumwani. Sisi watu wa mjini tukiuona ukutani husema ni ukoga au kuvu, na yote matatu tumeyatia katika kapu moja. Lakini ni vitu mbalimbali. Kuvu si mmea. Ukoga wa birika ni katika jamaa ya mwani. Ama kuvumwani ni mmea kamili, una kishina na vijani vidogo, na aina zake zilizokwisha kutambuliwa duniani ni kadiri ya 12,000. Una na ndugu zake wawili: jamaa moja yenye umbo bapa lililogawanyika mfano wa ini, nao ni maelfu ya aina, na jamaa nyingine ndogo yenye vipembe. Zote tatu hazina ua, wala mbegu, wala matunda, wala mizizi ya kweli. Vijinyuzi vyake huushikilia mwamba tu, na maji huyanywa kwa mwili wake wote.

Hivyo swali la mzee lilipata jawabu lake. Kile kijani cha birikani ni tuhlub iliyotajwa vitabuni, na hayo majani laini ni kuvumwani, nayo huingia katika hukumu ya kitu kilichoko mahali maji yanapokaa na yanamopita. Mafakihi, Mwenyezi Mungu awarehemu, walikuwa wamekwisha kuiwekea mahali pake.

ISHARA ZILIZOMO NDANI YAKE

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Hajj, aya ya 63, anatuzindua tutazame namna anavyoteremsha maji kutoka mbinguni ardhi ikawa kijani, kisha anaikhitimisha aya kwa kujisifu kuwa Yeye ni Mwenye lutufu na Mwenye khabari za yote. Na nani aliye na haja ya kutazamwa kwa lutufu kuliko mmea ambao hata sisi tulioukanyaga hatukuuona?

Ishara ya kwanza ni kufufuka. Kuvumwani ikikosa maji hukauka ikawa kahawia, ikajikunja, ukiishika huvunjikavunjika, na asiyejua husema imekufa. Ikipata maji, aina nyingi zake hurudia kijani chake kwa muda mfupi, na baadhi yake hufanya hivyo baada ya kukauka miaka. Mwaka 2014 wataalamu wa Uingereza walieleza kwamba waliichukua kuvumwani iliyofunikwa na barafu katika kisiwa cha Signy, katika eneo la Antaktika, ikiwa imekaa humo zaidi ya miaka 1,500, wakaiweka katika joto na mwangaza, ikachipua. Hatusemi kwamba huko ndiko kufufuka kwa Kiyama, kwani mmea ule uhai ulikuwa haujautoka. Twasema tu kwamba mwenye kuona haya, kisha akaisoma aya ya 39 ya Sura ya Fussilat, inayotueleza kuwa aliyeihuisha ardhi iliyodhalilika ndiye atakayewahuisha wafu, moyo wake hauna budi kutikisika.

Ishara ya pili ni jozi. Mmea huu usio na ua una viungo vya kiume na vya kike, na mbegu ya kiume haina nyuki wala upepo wa kuibeba. Husafiri kwa kuogelea katika utando mwembamba wa maji, pengine wa tone moja la umande. Pasipo tone hilo hapana kizazi. Katika Sura ya Yasin, aya ya 36, Mwenyezi Mungu ametakasika kwa kuumba jozi zote, katika viotavyo ardhini, na katika nafsi za watu, na katika wasivyovijua. Wangapi katika sisi walivijua hivi?

Ishara ya tatu ndiyo iliyotukaa sana moyoni. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 264, Mwenyezi Mungu amempigia mfano mtu atoaye mali yake ili watu wamwone: amefanana na jabali lenye vumbi juu yake, likapigwa na mvua kubwa, likabaki tupu. Tulipokuwa tumesimama pale mlimani tuliuona mfano huo kwa macho. Mwamba ulio mtupu, vumbi lake lilikuwa limekwenda na mvua. Mwamba uliovaa kuvumwani ulikuwa umeushika udongo wake, na juu ya udongo huo mche wa mti ulikuwa umeanza kuota. Mvua ilikuwa moja, na miamba ilikuwa jirani. Amali ya mtu inahitaji kitu kidogo, laini, kisichoonekana, cha kuishikilia isichukuliwe na mvua, nacho ni ikhlasi. Mtu aweza kujenga mnara wa msikiti na jina lake likaandikwa juu ya mlango, na huenda aliyelisugua birika alfajiri watu wakiwa wamelala ndiye aliyetangulia mbele ya Mola wake.

MAJI TUNYWAYO PWANI

Pengine msomaji wetu wa Mji wa Kale Mombasa, au wa Lamu, au wa Unguja, atasema: "Haya ni mambo ya bara na milima. Sisi yatuhusu nini?" Jawabu letu ni kwamba yatuhusu kila tufunguapo bomba.

Milima ya Cherangani huhesabiwa katika minara mitano mikuu ya maji ya Kenya, pamoja na Mau, Mlima Kenya, Aberdare na Elgon. Maji yateremkayo upande wa magharibi huingia Mto Nzoia, ukapita jirani na Mumias, ambako wafanyabiashara wa pwani waliufikisha Uislamu katika karne ya kumi na tisa, kisha ukaingia Ziwa Viktoria, na kutoka humo ni Mto Nili. Tone lililokamuliwa katika kiganja chetu, kama litasalimika na jua na njia ndefu, mwisho wake ni Misri. Yale ya mashariki na kaskazini huingia Kerio na Turkwel, yakaenda zao Ziwa Turkana.

Sasa njooni kwetu. Dar es Salaam hunywa maji ya Mto Ruvu, nao hupata maji yake katika Milima ya Uluguru. Mtaalamu mmoja wa mimea, Tamás Pócs wa Hungaria, aliyefanya kazi Morogoro, aliipima misitu ile ya mawinguni, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1980. Alikuta kwamba katika msitu mfupi wa juu kabisa, kuvumwani na mimea mingine iishiyo juu ya miti hufikia kadiri ya tani 14 kwa hekta moja ikiwa imekaushwa, na kwamba mimea hiyo huweza kuzuia mpaka lita 50,000 za maji kwa hekta katika mvua moja. Lita 50,000! Ni madumu 2,500 ya lita 20, yaliyowekwa bila ya saruji wala bati, kisha hutolewa kidogo kidogo mto usikauke wala usifurike.

Na Mombasa? Sehemu ya maji yake hutoka chemchemi za Marere katika Milima ya Shimba, na sehemu hutoka chemchemi za Mzima kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950. Maji ya Mzima asili yake ni Milima ya Chyulu, ambayo ni milima ya majivu na mawe ya volkano. Huko juu msitu wa mawingu hunasa ukungu na mvua, maji yakazama ardhini, yakapita chini ya mawe, yakatokea Mzima yakiwa safi. Sura ya Al-Muuminun, aya ya 18, inatukumbusha kwamba Mwenyezi Mungu ameteremsha maji kwa kadiri, akayatuliza katika ardhi, na kwamba Yeye ni Muweza wa kuyaondoa. Kila mwenye kukaa Mombasa akasubiri mkokoteni wa maji siku tatu ameyaonja maana ya mwisho wa aya hiyo.

WA JUU NA WA CHINI

Msitu ukikatwa, jua hupenya, ukungu hauna pa kunasa, na kuvumwani huwa ya kwanza kufa. Haina mizizi ya kufuata maji chini. Mvua ile ile iliyokuwa rehema hushuka kwa kishindo, hubeba udongo, na kijito hukauka wakati wa kiangazi. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019, katika kaunti ya Pokot Magharibi, mvua kubwa iliporomosha milima juu ya watu waliolala, wakafa zaidi ya arubaini. Mwenyezi Mungu awarehemu. Mvua ile ilikuwa nzito mno, wala hatusemi kwamba sababu ilikuwa moja tu, lakini hapana mwenye akili asiyejua kwamba mlima uliovuliwa nguo zake hauushiki udongo kama mlima uliovaa.

Je, dini yetu ina neno juu ya hili? Inalo. Bukhari amepokea kutoka kwa Nuuman bin Bashir mfano alioupiga Mtume (S.A.W.) wa watu waliopanda jahazi moja, wengine wakakaa juu na wengine chini. Wa chini walipotaka maji iliwabidi wapite kwa wa juu, basi wakaona ni afadhali watoboe tundu katika sehemu yao. Wakiachwa wakatoboa, wote huangamia, na wakizuiwa, wote huokoka. Sisi watu wa pwani tumeuhifadhi mfano huu kwa kuwa ni watu wa majahazi. Mlimani tuliutazama kwa upande mwingine: hapa aliyeko juu ndiye ashikaye patasi, na aliyeko chini hulala hana khabari.

Na Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Zubeir bin Awwam na jirani yake Ansari walipogombania maji ya mfereji wa Harra. Mtume (S.A.W.) aliamua kwanza kwamba Zubeir, ambaye maji yalimfikia mbele, anyweshe mitende yake, kisha ampelekee jirani yake. Basi wa juu ana haki ya kutangulia kunywa, lakini hana haki ya kuyazuia, seuze kuyaua kwenye chanzo chake.

Lakini tusiwalaumu watu wa mlimani peke yao, kwani lawama ni rahisi kwa aliye mbali. Mkulima mwenye shamba dogo na watoto wanane hakati mti kwa kuchezea. Kuna anayenunua mbao, na kuna anayenunua makaa, na kuna anayeidhinisha. Katika hao wamo Waislamu, wamo mahaji, wamo watu wa safu ya kwanza. Twawauliza: mbao hizo mmezijua zilikotoka? Mlilipa bei ya halali, au mlifumba macho? Aliyekula riba twamjua na twamkataza mimbarini. Na aliyeuza chemchemi ya watu elfu kwa faida ya lori moja, khutba yake iko wapi? Sura ya Al-Aaraf, aya ya 56, inakataza kufanya ufisadi katika ardhi baada ya kutengenezwa kwake, na hatukuona mfasiri yeyote aliyeitoa misitu nje ya ardhi.

Tena tujitazame katika udhu wetu wenyewe. Anas (R.A.) ameeleza, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani kadiri ya nusu lita na zaidi kidogo, na akioga kwa pishi moja mpaka mudi tano. Leo mtu hufungua bomba la msikiti, akazungumza na mwenzake khabari za soko huku maji yanakwenda, na kabla hajaosha mguu wa pili amekwisha kumwaga udhu wa watu ishirini. Ama hadithi mashuhuri ya Saad kukatazwa israfu hata akiwa juu ya mto upitao, ameipokea Ibn Majah, na wanavyuoni wameisemea sanadi yake, lakini maana yake imethibiti kwa hii ya Anas.

NASIHA YETU

Tunazo nasiha nne, na zote ziko katika uwezo wetu.

Kwanza, maimamu wetu walifanye jambo la maji na misitu kuwa katika khutba zao, angalau wakati wa masika na wakati wa kiangazi, wala wasilione kuwa ni la serikali tu.

Pili, kila msikiti uweke mtu wa kulisugua birika, na mabomba yanayovuja yatengenezwe kabla ya kununuliwa zulia jipya.

Tatu, wafanyabiashara wetu wa mbao na makaa waulize asili ya mali wanayoinunua, na wakitilia shaka, waiache.

Nne, walimu wa vyuo wawatoe wanafunzi nje wakayaone wanayoyasoma. Mwanafunzi aliyesoma mlango wa maji na hajaona chemchemi, elimu yake haijatimia. Twasema hivi kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa mfano wake.

Tulipoondoka Kachibora tulimkuta yule mzee birikani na yule kijana, wamekunja suruali mpaka magotini, wanasugua. Mzee alikuwa akicheka. Imamu wao alikuwa amesimama akiwatazama, na Adhuhuri ile tulisali safu moja. Kijana alipomaliza kusugua, alikuwa ameacha ukutani, upande wa nje ambapo maji hayafiki, kijidoa cha kuvumwani ukubwa wa kiganja. Tulipomwuliza kwa nini hakukiondoa, alisema: "Hiki hakimdhuru mtu, Sheikh. Nimekiacha kinikumbushe."

Ndugu zetu, Sura ya Al-Mulk imekhitimishwa kwa swali: maji yetu yakididimia ardhini, nani atakayetuletea maji yenye kububujika? Wengi wetu twaisoma sura hiyo kila usiku kabla ya kulala. Tukiisoma usiku wa leo, tufikapo hapo tusimame kidogo, tulijibu swali hilo kwa ndimi zetu kwamba ni Allah, Mola wa viumbe vyote, na asubuhi tulijibu kwa vitendo vyetu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie katika wenye kusikia maneno wakafuata yaliyo mazuri yake, awaunganishe Waislamu walioachana kwa sababu ya kutojua, amsamehe aliyefanya haraka kati yetu, atuteremshie mvua za rehema si za adhabu, na azihifadhi chemchemi zetu na milima inayozinywesha. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake, na Sahaba zake wote. Walhamdu lillahi Rabbil-alamin.